Ua Halinuswi Kabla ya Mwenyewe

Kule Houbi, kusini mwa Taiwan, ambako mpunga na mabanda ya maua ya okidi vimebanana kama meno mdomoni, watu walisema pua ya Sok-khim hufika kazini kabla ya pikipiki yake. Haikuwa chuku. Asubuhi moja aliingia getini, helmeti bado iko kichwani, akasimama akasema, "Banda la pili kuna chungu kinaoza mizizi." Wenzake wakacheka. Wakaenda kutazama ili wapate la kumsuta, wakakikuta chungu chenyewe mstari wa sita, majani mazima yanang'aa, mizizi chini imekuwa uji. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena, angalau si mbele yake.

Pua hiyo hakuipata shuleni. Shule aliishia darasa la sita. Aliipata kwenye beseni la mama yake, aliyekuwa akiuza maua ya yulan kwenye taa za barabarani mjini Xinying. Ni maua meupe, marefu kama kidole cha mtoto, yanafungwa matatu matatu kwa waya mwembamba. Dereva anashusha kioo, anachukua fungu, analitundika mbele yake, na gari linanukia mpaka jioni. Kazi ya Sok-khim tangu ana miaka saba ilikuwa kukaa na beseni asubuhi na mapema, atenge maua ya leo na yaliyolala tangu jana. Kwa macho huwezi. Ua lililolala ukilinyunyizia maji linajifanya mwali.

"Macho hudanganywa na maji," mama yake alimwambia. "Pua haina wa kuidanganya."

Mama huyo alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Fungu la kwanza la kila siku, lililotoka mtini moja kwa moja, halinuswi na mtu. Linakwenda kwa Mama Kuan-im, mungu-mama wa huruma, kwenye hekalu dogo nyuma ya soko. Ukilinusa kwanza ndipo umpelekee, umempelekea makombo. Sok-khim alilinusa mara moja tu maishani, akapigwa kofi ambalo hata leo akilikumbuka anashika shavu.

Kwa Bwana Liao, mwenye shamba la okidi, aliingia akiwa na miaka ishirini na tisa, kuosha vyungu. Siku zile Bwana Liao alikuwa na ugonjwa mmoja: alitaka okidi nyeupe inayonukia. Okidi nyeupe, ile kubwa inayopelekwa kwenye ufunguzi wa duka na kwenye misiba, hukaa miezi mitatu haijanyauka, na hainukii hata chembe. Mrembo bubu. Zipo zinazonukia, vijitu vya kijani na zambarau vilivyotoka msituni, harufu yao inakupokea mlangoni, lakini nani atampelekea mkubwa wake ua la ukubwa wa kifungo cha shati? Basi Bwana Liao na kijiti chake cha kuchokolea meno alikuwa akichukua chavua ya huyu akimpaka yule, anangoja miaka mitatu mtoto achanue, na mtoto akichanua amechukua udogo wa baba na ububu wa mama. Ubaya zaidi, hakuweza kujua mwenyewe nani ananukia na nani hanukii. Pua yake ilikwisha kufa zamani kwa sigara na tambuu.

Wiki ya tatu Sok-khim alipita na vyungu vimepandana mpaka kidevuni, akasema bila kusimama, "Huyo wa tatu ananukia, Mzee. Kidogo. Kama ganda la chungwa lililokauka juu ya jiko."

Hakurudi tena kuosha vyungu. Alipewa mabunda mawili ya uzi wa sufu. Kila asubuhi, jua likishapasha moto vioo, alikuwa akipita kati ya okidi zilizochanua mara ya kwanza. Anayenukia sana anafungwa uzi mwekundu shingoni, anayenukia kidogo anafungwa wa njano, asiye na uzi anakwenda zake sokoni na urembo wake. Miaka ishirini na minane. Mumewe alikufa, wanawe wakahamia Taipei, mabanda yakaongezeka kutoka mawili hadi manne, na yeye yuko pale pale na nyuzi zake. Wageni wakija, Bwana Liao huwaonyesha mashine ya kumwagilia, chumba cha baridi, halafu anamnyooshea kidole Sok-khim. "Na ile pale," anasema, "ni pua."

Mwezi wa pili wa mwaka huu akashikwa na mafua. Hayakuwa mafua ya ajabu. Siku tano kitandani, uji wa viazi vitamu, basi. Siku ya sita akaamka mzima, akawasha uvumba mbele ya picha ya mumewe kama kila asubuhi, akauona moshi unapanda, na hakusikia kitu. Akadhani uvumba ni mbovu. Akafungua chupa ya siki. Akafungua kopo la samaki wa chumvi. Mwishowe akainama juu ya ndoo ya takataka, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Ni kama dunia nzima ilikuwa imeoshwa kwa maji matupu.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Aliyepofuka anaonekana, watu wanamshika mkono. Aliyekufa pua anaonekana sawa na jana, na pale shambani Sok-khim bila pua alikuwa nani? Mama wa miaka hamsini na saba mwenye mgongo mbovu. Akajikaza kisabuni, akaenda kazini, akashika nyuzi.

Na kumbe ikawezekana. Miaka yote hiyo macho yalikuwa yanajifunza kimyakimya nyuma ya pua. Alijua petali nene yenye mng'ao wa nta ina uwezekano wa kunukia. Alisoma kibao cha chunguni, kinachotaja wazazi wa mmea. Alitazama vijinyuki vilivyopenya wavuni vinakwenda kwa nani. Na akikosa vyote, alimwita Guat-ing.

Guat-ing ndiye waliyeanza naye kuosha vyungu, na bado alikuwa kwenye vyungu, na mdomo wake haukuwa na mlango wala komeo. Ukimsogezea ua uso wake unasema kabla yeye hajasema. Sok-khim anatazama uso, anafunga uzi.

"Siku hizi umekuwa mkarimu," Guat-ing alimwambia. "Zamani ulikuwa unanifukuza, eti jasho langu linaharibu hewa."

"Nakuonea huruma. Unazeeka bila kunusa kitu kizuri."

"Na wewe unazeeka unakula tofu ya soya iliyochacha. Jana nimekuona. Nzi mwenyewe alitua akaondoka, wewe unatafuna kama bibi harusi."

Sok-khim alimwambia alikuwa na njaa.

Hivyo ikaenda miezi minne, na pengine ingekwenda mpaka astaafu, kama si binti wa Bwana Liao.

Wan-ling alikuwa amebebwa mgongoni na Sok-khim katika mabanda hayo hayo, akimchomoa hereni. Sasa alikuwa daktari wa mimea, amerudi kutoka chuo kikuu na banda la nne lilikuwa lake: milango miwili, mmoja haufunguki mwingine haujafungwa, wavu usiopitisha hata usubi, na kibali cha serikali kimebandikwa ukutani. Humo hakukuwa na kijiti cha kuchokolea meno. Wan-ling alikuwa anaingia ndani ya jeni zenyewe, ule urithi ulioandikwa katika kila chembe ya mmea.

Alikwisha kuwaeleza wote siku moja, mezani, wakati wa chakula cha mchana. "Okidi nyeupe si kwamba hana jiko," alisema. "Jiko analo, sufuria anayo, mchele anao. Anayekosekana ni mtu wa kuwasha moto. Mimi nimemchukua mwasha moto wa yule mdogo wa msituni, nikamwingiza kwenye jiko la mweupe."

"Na mwenye jiko kakubali?" aliuliza baba yake.

"Baba, wewe umewaoza miaka arobaini. Ulimuuliza nani?"

Guat-ing alicheka mpaka mchuzi ukampalia. Bwana Liao hakucheka. Alikaa na vijiti vyake vya kulia hewani, akasema kwamba yeye aliwaoza na kungoja, na katika kungoja kulikuwa na nafasi ya mwingine kukataa. Wan-ling akajibu kwa upole kwamba hata yeye amekataliwa: mimea mia tatu ilikufa kwenye chupa kabla haijaota jani la pili. Mzee akaendelea kula. Sok-khim alilibeba neno hilo mpaka nyumbani. Aliwaza maua ya yulan hayakuzaliwa na waya kiunoni, ni mama yake aliyeyafunga, na Mama Kuan-im hakuwahi kurudisha fungu hata moja.

Sasa mimea kumi na moja ilikuwa imechanua. Yote meupe, yote mikubwa, inafanana kama mayai ya kuku mmoja, na kila mmoja umepewa namba. Lakini moto haukuwaka sawa katika kila jiko. Kibali kiliruhusu mmea mmoja tu kuendelea na hatua ya pili ya majaribio. Kumi iliyobaki ilikuwa iingie kwenye tanuri la mvuke siku ya Ijumaa, iive mpaka kusiwe na chembe hai.

Jumatatu Wan-ling alimfuata Sok-khim mpaka kwenye bomba la maji.

"Shangazi, nataka unichagulie."

"Si una mashine? Ile iliyoletwa na gari zima."

"Mashine inaniambia kilichomo na ni kiasi gani. Haijui kama ni harufu ya ua au ya sabuni ya chooni."

"Nusa mwenyewe basi."

"Mimi ndiye mama yao. Umeona wapi mama anayejua mwanawe yupi mbaya?" Akamshika mkono uliolowa. "Miaka mitatu, Shangazi. Nikibakiza asiyefaa, naanza upya, na sidhani watanipa kibali kingine. Simwamini mtu mwingine."

Sok-khim akazihesabu njia zake kichwani. Hapa vibao visingemsaidia, maana mzazi ni mmoja. Macho yasingemsaidia, maana sura ni moja. Vijinyuki haviingii. Na Guat-ing hana ruhusa ya kukanyaga banda la nne. Akafungua mdomo, na lililotoka lilimshangaza hata yeye.

"Wamechanua lini?"

"Jana na juzi."

"Ni ua la kwanza la ukoo mpya?"

"Ndiyo."

"Na Alhamisi ni tarehe kumi na tisa ya mwezi wa sita, siku ya Mama Kuan-im. Unataka nimtangulie? Ua la kwanza halinuswi kabla ya mwenyewe. Mpelekeeni anuse, ndipo nami nitanusa."

Wan-ling alitabasamu, akadhani mambo yamekwisha. Halafu tabasamu likamwishia. Jani la banda la nne halitoki nje, petali haitoki, hata vumbi la kiatu linafutwa mlangoni. Ndivyo kibali kilivyosema. Ua likitoka kwenda madhabahuni, serikali inafunga banda. Ua lisipotoka, Sok-khim hanusi.

Wan-ling akakimbilia kwa baba yake. Alikosea kumkimbilia baba yake. Bwana Liao angeweza kumsamehe mtu aliyechoma banda, lakini si aliyemlisha Mama Kuan-im makombo. "Khim kasema kweli," alijibu, na akarudi kwenye gazeti.

Siku mbili Sok-khim alitembea kama mtu aliyevuka mto kwa mguu mkavu. Sheria ya serikali huku, sheria ya mungu kule, na yeye katikati ametulia, hakuna wa kumlaumu. Kilichomharibia utulivu ni kumwona Wan-ling. Yule binti alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa kwanza, chai ya boga imepoa mkononi, anatazama ndani kupitia kioo. Alikaa hivyo hivyo alipokuwa na miaka mitano, akingoja mama yake atoke hospitali. Siku zile Sok-khim alimdanganya kwamba mama atatoka kesho. Alimdanganya kesho nyingi.

Jumatano mchana Bwana Liao akatoka ofisini akiwa amevua miwani, uso umechangamka kama amepata jibu la kitendawili.

"Ua haliwezi kutoka," alisema. "Sawa. Nani kasema Mama hawezi kuingia?"

Guat-ing alikaa juu ya chungu.

"Tumuulize mwenyewe," alisema Mzee. "Khim, wewe ndiye unayemhudumia. Tupa mbao."

Madhabahu ya shamba ilikuwa banda la kwanza, kwenye kona. Mama Kuan-im wa pale ni wa mti wa kafuri, urefu wake hauzidi mkono kutoka kiwiko hadi vidole, amesimama juu ya ua la yungiyungi, uso umekuwa mweusi kwa moshi wa miaka. Mbao zenyewe ni mbili, zimechongwa kama mwezi mwandamo, upande bapa na upande wenye tumbo. Unauliza, unazitupa. Moja bapa juu na moja tumbo juu, amekubali. Zote tumbo juu, amekataa. Zote bapa juu, anakucheka. Kwa jambo kubwa lazima akubali mara tatu mfululizo.

Sok-khim alipiga magoti. Kwa mdomo aliuliza, "Mama, utakubali kwenda banda la nne kesho, ukapokee maua huko huko?" Kwa moyo alisema, kataa, nakuomba, umechoka, kuna joto, kataa.

Akakubali. Akakubali tena. Mara ya tatu mbao moja ilizunguka sakafuni muda mrefu kama sarafu, ikalala, na Mama akakubali.

Alhamisi asubuhi wakamchukua. Mlango wa kwanza ulipofunguka Wan-ling aliwagawia makoti meupe, kofia za karatasi na soksi za plastiki za kuvaa juu ya viatu. Guat-ing naye aliandikiwa ruhusa ya siku moja, kwa sababu Mama hubebwa na watu wawili na mgongo wa Mzee haukuwa wa kutegemewa.

"Na yeye?" Guat-ing alimwonyesha Mama kwa kidevu.

Wan-ling aliisoma karatasi ya masharti ukutani. "Imeandikwa kila anayeingia avae miguuni."

"Hana viatu. Anakanyaga yungiyungi."

"Basi yungiyungi livae."

Bwana Liao, ambaye hakuruhusu mtu kupiga chafya mbele ya madhabahu ile, aliinama mwenyewe na kumvisha Mama Kuan-im soksi ya plastiki ya buluu kwenye yungiyungi lake, polepole, huku akinong'ona kuomba radhi.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine. Mimea kumi na moja ilikuwa juu ya meza moja ndefu, shingo zimeinama, maua meupe yanatazama chini kama wanawali wanaochumbiwa. Wakamweka Mama juu ya kreti mbele yao. Uvumba haukuwashwa, maana moshi ungeharibu hewa. Wakaunganisha viganja tu, na Wan-ling akatazama saa yake, dakika thelathini, kiasi cha fimbo moja ya uvumba kuungua.

Guat-ing alishika pumzi kusudi asimwibie Mama harufu. Akawa mwekundu. "Anuse upesi," alisema kwa pembe ya mdomo, "la sivyo mtanizika hapa."

Nusu saa ikaisha. Kilichobaki ni kuuliza kama ameshiba, halafu wanadamu wapate zamu yao.

Sok-khim alishika mbao. Alikuwa amekwisha kupanga. Atanusa wote mmoja mmoja, atafumba macho, atataja namba yoyote. Moja kati ya kumi na moja. Nani angejua? Mwaka kesho, mwaka kesho kutwa, ua likitoka sokoni linanuka sabuni, watasema ladha za watu zimebadilika.

"Mama, umemaliza?"

Bapa mbili juu. Mama amecheka.

"Bado anafurahi," alisema Bwana Liao. "Tupa tena."

Bapa mbili juu.

Guat-ing aliacha kushika pumzi. "We dada, umemfanyia nini mpaka anacheka hivyo?"

Mara ya tatu Sok-khim alizitupa mbali na magoti yake, kama anayetupa kitu kinachounguza. Zikagonga mguu wa meza, zikarudi, zikalala mbele yake, bapa mbili, nyeupe kama meno.

Alizitazama. Mtu mwingine angesema ni bahati tu, mbao ni mbao. Lakini yeye alikuwa amepiga magoti mbele ya uso ule tangu nywele zake ni nyeusi, na alijua anachekwa na nani na kwa nini. Kichekesho ni kwamba alikuwa ameitumia sheria ya mama yake kujificha, na sheria yenyewe ndiyo iliyomshika ukosi ikamleta mpaka hapa.

"Sisikii kitu," alisema.

"Hujasogea bado," alisema Wan-ling.

"Sisikii kitu tangu mwezi wa pili. Uvumba, siki, samaki. Hata moshi." Aliongea na kreti, hakuweza kuinua macho. "Nyuzi zote za miezi minne nimefunga kwa macho na kwa uso wa Guat. Leo nilikuwa nitaje namba yoyote."

Mashine ya baridi ilinguruma. Bwana Liao alivua kofia yake ya karatasi akaishika kifuani, kama aliyepewa habari ya msiba, na kwa kweli ulikuwa msiba.

"Ile tofu," alisema Guat-ing taratibu.

"Ndiyo. Ile tofu."

Uso wa Wan-ling ulipita hasira, ukasimama hapo kidogo, ukaendelea. "Ungeniambia mimi, Shangazi," alisema. "Mimi."

"Ningekuwa nani nikishakuambia?"

Sok-khim hakungoja jibu. Aliona ile meza. Kesho ni Ijumaa. Kumi wataiva kwenye mvuke, na hakuna pua. Aliinuka kwa kushika kreti, magoti yakalia.

"Guat, njoo hapa."

"Mimi? Mimi pua yangu ni ya kuosha vyungu."

"Nimekula kwa uso wako miezi minne, sikulala njaa. Njoo. Na wewe, Wan-ling, shika kalamu." Sauti ilikuwa imemrudia, ile ya kufukuza watu. "Usiniambie kizuri au kibaya. Hilo neno la wanunuzi. Namba moja. Harufu iko wapi, mbele ya pua au nyuma ya koo?"

"Mbele."

"Inakuja ukisogea, au inakufuata?"

"Ipo tu. Kama... imekaa."

"Fumba macho. Uko wapi?"

Guat-ing alifumba. "Hotelini. Ile ya harusi ya mpwa wangu, chooni, kuna taulo zimekunjwa."

"Andika hoteli. Namba mbili."

Ilichukua saa mbili. Namba tatu ilikuwa haina kitu. Namba nne ilikuwa limau, halafu kisu kilichokata limau. Namba sita ilimpeleka Guat-ing kwa mwalimu wake wa darasa la pili, hakueleza kwa nini, akaonekana ameudhika. Kila akitaka kuruka Sok-khim alimrudisha, kama vile mama yake alivyomrudisha yeye kwenye beseni: toka mlangoni, rudi, nusa kiganja chako kwanza, sasa nusa tena. Wan-ling aliandika. Alikuwa na karatasi za mashine za kumi na moja wote, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno taulo.

Namba tisa, Guat-ing aliinama, akasema, "Hakuna." Akageuka kwenda kwa wa kumi. Hatua ya pili akasimama.

Hakusema lolote. Aligeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa na jirani.

"Nini?" aliuliza Sok-khim.

"Kuna mtu kapita nyuma yangu."

"Hakuna mtu."

"Najua hakuna mtu."

Sok-khim aliijua tabia hiyo. Yulan hufanya hivyo. Ukiliwekea pua halikupi kitu. Ukiliacha uende zako, ndipo linakuja. Madereva walikuwa wakisema maua ya mama yake hayanukii, halafu wanasimamisha gari mbele huko na kurudi kinyumenyume.

"Rudi mlangoni," alisema. "Uje tena."

Guat-ing alirudi mara tatu, na mara zote tatu alisimama pale pale, hatua ya pili, akiwa amenyamaza. Hata baada ya namba kumi na moja alikuwa bado anatazama nyuma.

Sok-khim alichomoa uzi mwekundu mfukoni. Vidole vyake vilijua kazi. Alifunga shingo ya namba tisa fundo moja na kitanzi.

"Una hakika?" aliuliza Bwana Liao.

"Na ua, sina. Sitalijua kamwe hilo ua." Alisema hivyo kwa sauti kavu. "Lakini na Guat ninayo. Miaka ishirini na minane sijamwona akinyamaza."

Wan-ling alilitazama lile fundo muda mrefu. Kisha akaandika tisa juu kabisa ya karatasi, akapiga mstari chini yake.

Sok-khim alirudi chini kwa magoti. "Mama, umemaliza?" Mbao moja bapa, moja tumbo. Amemaliza.

Mlangoni wakakwama tena. Masharti yalisema anayetoka apigwe brashi, chavua isitoke nguoni. Wan-ling alisema chavua ya okidi ni tonge la nta, hairuki. Hata hivyo masharti ni masharti. Alimpiga brashi Guat-ing, akampiga Sok-khim, na walipofika kwa Mama Kuan-im Bwana Liao alinyoosha mkono apewe brashi. Alimfuta mabega, akamfuta mikunjo ya joho, akamfuta uso, na chini ya masizi ya miaka yote ile ukatokea mdomo mwembamba wa mti mwekundu. Wote wakautazama. Hakuna aliyesema unacheka, lakini Guat-ing alimkanyaga Sok-khim mguu.

Ijumaa tanuri likawashwa, kumi wakaingia. Sok-khim alisimama hapo mpaka mvuke ukaisha. Wengine walisema mvuke ulinukia mpaka barabarani. Yeye aliona maji yanatiririka kwenye kioo.

Jumatatu alifika kazini bila kujua atapelekwa wapi. Alikuta mabunda mawili ya uzi wa sufu yamewekwa kwenye meza ya banda la pili, na Guat-ing amesimama kando yake, koti safi, nywele zimechanwa, mikono imefichwa nyuma kama mwanafunzi mgeni. Bwana Liao alikuwa amewaambia jambo moja tu, kwamba shamba lake lina pua moja, na kama pua hiyo sasa ina watu wawili, haimhusu.

Sok-khim alivua helmeti. Jua lilikuwa limeanza kupasha vioo. Alimsukuma mwenzake kwa kiwiko mpaka mbele ya okidi ya kwanza ya mstari, kijitoto cha rangi ya waridi kilichofumbua macho usiku uliopita.

"Haya," alisema. "Unasikia nini?"

Guat-ing aliinama, akavuta pumzi, akafikiri.

"Nasikia njaa."

"Nusa tena," alisema Sok-khim, na akangoja.